Bwawa la pembe nane: uchambuzi wa kisa cha safari ya kutimiza miaka kumi

Kazi yangu ni ustawi wa jamii, na kwa miaka mingi nimeandika visa vya familia za watu wengine: nani anaishi na nani, nani anaamua, mtoto anasemaje, nini kifanyike. Kisa hiki ni cha nyumbani kwangu. Nimekiandika kwa utaratibu uleule wa kazini, kwa sababu kila nilipojaribu kukisimulia kwa mdomo kiligeuka kuwa habari ya matembezi mazuri ya baba na binti yake, na sivyo kilivyokuwa, au angalau hicho si kisa chote.

Tunaishi Chamazi, Dar es Salaam, mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto wanne. Wa kwanza ni binti, ambaye ndiye mhusika wa kisa hiki na ambaye alitimiza miaka 10 mwezi Juni 2025. Anafuatiwa na mdogo wake wa kiume mwenye miaka sita, kisha mapacha ambao wakati huo walikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Binti yetu amepewa jina la bibi yake, kwa hiyo mimi humwita "mama" na bibi yake humwita "somo yangu", na wawili hao wana utani wao ambao sisi wengine hatuingilii.

Tangu mapacha wazaliwe, hakuna siku ambayo mtu alitamka kwamba kifungua mimba wetu ameongezewa kazi. Kazi ziliongezeka kama pipa linavyojaa, ndoo moja baada ya nyingine. Kwa siku ya kawaida aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, akajaza madumu kabla maji ya bomba hayajakatika, akamvalisha mdogo wake soksi, akaenda shule. Akirudi, alimbeba pacha mmoja mgongoni wakati mama yake akimnyonyesha mwingine. Hakuteswa wala hakukaripiwa. Alisifiwa. Wageni wakija tulisema mbele yake kwamba huyu ndiye mama wa pili wa nyumba hii, naye alitabasamu, na mimi, ambaye kazini ningeiandika sentensi hiyo kwenye safu ya mambo ya kufuatilia, nilitabasamu pia.

Miaka 10 ilikuja na deni. Anayeishi mjini hapa analijua deni hilo: shangazi wa watoto alimfanyia mwanawe sherehe ukumbini, kukawa na mshereheshaji, keki ya ghorofa tatu na sare za rangi ya samawati, nasi tukaenda na zawadi, tukapigwa picha tukilishwa keki. Binamu akafuata. Ikawa zamu yetu, na mama yangu, ambaye enzi zake siku ya kuzaliwa ya mtoto haikuadhimishwa na yeyote, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuandika orodha. Orodha ilifika watu 60. Karatasi ya bajeti ilisomeka shilingi 900,000 kabla hatujagusa vinywaji. Siwacheki wanaofanya sherehe hizo. Ndugu waliochangiana ndio hao hao wanaofika hospitalini usiku. Ninachokiandika hapa ni kwamba tulikuwa tumeshajadili rangi za maputo, na mtoto mwenyewe alikuwa hajaulizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, nami huwakumbusha wazazi haki hiyo karibu kila wiki nikiwa ofisini.

Nilimuuliza mwezi mmoja na nusu kabla ya siku yenyewe, tukiwa wawili tu, nikamwambia asinijibu papo hapo. Alikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu alikuja akiwa na pacha mmoja mgongoni, akaanza kwa mbali, kwamba sasa umri wake utakuwa na tarakimu mbili na hautarudi tena kuwa na moja, kisha akasema: "Baba, nataka niende mahali ambapo mapacha hawapo."

Mke wangu alikuwa jikoni na alisikia. Mtoto alipogundua kwamba amesikika alijirekebisha haraka, akasema mimi na Baba, au mimi na Mama, yeyote atakayekuwa na nafasi, hata siku moja inatosha. Ni mara chache nimeona mtoto akiomba radhi kwa haraka kiasi kile kwa jambo ambalo si kosa. Mke wangu hakusema neno hadi usiku, na aliposema aliumia waziwazi, kwa kuwa alilisikia ombi lile kama hukumu juu yake. Kesho yake alikuwa ameshalipima upya. "Amesema la moyoni mwake," aliniambia. "Mpeleke." Mapacha walikuwa bado wananyonya, kwa hiyo swali la nani aende lilijijibu.

Mahali alipachagua mwenyewe: Kilwa, mji wa kale wa pwani ya kusini. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kwamba watawala wa Kilwa walitengeneza sarafu zao za shaba zenye majina yao, na kwamba baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, bila mtu kujua kwa hakika zilifikaje huko. Binti yangu hakuvutiwa na usultani wala biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo. Alitaka kuona mahali ambapo hela ilitoka ikapotea mbali namna ile. Nilifurahi kwamba si mahali pa mabembea ya kulipia. Nakiri kuwa hapo palikuwa na majivuno ya mzazi anayependa mwanawe aonekane ana akili.

Pingamizi zito lilitoka kwa mama yangu, na halikuhusu sherehe peke yake. "Mwanangu, mtoto wa kike wa miaka kumi ana mambo yake," alisema, "wewe utayajulia wapi?" Nilitaka kuchukia, kisha nikaona kwamba ananiambia jambo ambalo ningemwambia baba mwingine yeyote. Kuna wasichana wanaovunja ungo katika umri huo, na baba aliye njiani na binti yake hawezi kusema hilo ni la mama. Mke wangu alikaa na binti jioni moja, akamweleza yaliyopasa, akamshonea kimkoba chenye pedi, nguo ya ndani ya akiba na sabuni. Kisha akanieleza mimi pia, mbele ya mtoto, ili tusije tukaoneana haya huko tuendako. Mkoba ule haukufunguliwa safari nzima. Hata hivyo nauhesabu kuwa maandalizi bora kuliko yote tuliyofanya, kwa sababu ulivunja ukimya kati yangu na binti yangu kabla ukimya huo haujajengeka.

Mambo mengine mawili ya maandalizi yanafaa kutajwa. Niliagiza chumba chenye vitanda viwili, na nilibeba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Tulipofika gesti, dada wa mapokezi alitutazama, akamuuliza mtoto, si mimi, "Huyu ni nani yako?" Alipojibiwa, bado aliomba kuona karatasi. Kuna akina baba wanaolichukua swali hilo kama tusi. Mimi nilimshukuru, na nilitamani kila mapokezi ya nchi hii pangekuwa na mtu wa kuuliza hivyo. Na kwa upande wa sherehe tulipatana na mama yangu kwamba Jumapili ya baada ya safari atapika pilau la watoto wa mtaa, bila ukumbi wala mshereheshaji, naye akakubali kwa sharti kwamba orodha ya walioalikwa ibaki mkononi mwake.

Tuliondoka Mbagala Rangi Tatu kwa basi la alfajiri. Tulichagua Juni kwa kuwa shule zimefungwa na masika yamepita. Tulikumbuka jinsi mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya, mwezi Mei 2024, zilivyoikata barabara hii ya kusini eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, ambalo lilifunguliwa mwaka 2003 na lina urefu unaokaribia kilomita moja. Alipoambiwa kwamba kabla ya hapo magari yalikuwa yakisubiri pantoni, aliuliza kama watoto waliokuwa wakisubiri walipewa chakula. Mbele kidogo alininong'oneza kama ni vibaya kununua pweza kipande kizima na kukila peke yake. Nilimwambia anunue. Alikila polepole, huku akinitazama kila baada ya muda, na alipobakiza kipande alikifunga kwenye karatasi. Nilipomuuliza anamwekea nani, hakuwa na jibu. Mkono ulikuwa umezoea kubakiza.

Sasa makosa, ambayo yote ni yangu. La kwanza lilitokea usiku uleule. Nilikuwa nimepanga na watu wa gesti kwa siri kwamba ikifika saa mbili usiku italetwa keki ndogo, na watu wote waliokuwa ukumbini wakila, madereva, wachuuzi wa ufuta na kijana mmoja wa vipimo vya ardhi, watamwimbia. Waliimba kwa moyo mkunjufu kabisa. Mtoto alisimama, akawashukuru mmoja mmoja, akaikata keki, akaigawa kwa meza zote, na yeye akabaki na kisahani kitupu. Nilikuwa nimemleta kilomita zaidi ya 300 kumkwepesha kwenye kazi ya kuhudumia watu, nikampangia shughuli ya kuhudumia watu. Nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia, zikamiminika pongezi, na nusu saa iliyofuata nilikuwa najibu pongezi huku yeye akifuta meza. Hilo la simu ndilo kosa la pili, na sitalirefusha.

Asubuhi tulilipia kibali Kilwa Masoko, mji wa bara tulikofikia, tukapewa mwongozaji, tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, kwenye magofu. Kusi lilikuwa linavuma lakini bandari ile imekingwa, na chombo kilitulia. Kutoka majini kinachoonekana kwanza ni Gereza, ile ngome ya ufukweni yenye kuta za mawe ya matumbawe. Ndani zaidi ni Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na nyongeza yake kubwa yenye makuba ni ya mwanzoni mwa karne ya 14. Shirika la UNESCO liliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, likayaingiza pia kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014. Niliyasema haya yote kwa sauti ya mwalimu. Binti yangu alisikiliza kwa adabu.

Kilichomfungua mdomo kilikuwa Husuni Kubwa, gofu la jumba la kifalme. Ni mwendo kutoka msikitini, njia inapita kwenye mibuyu, na jumba lenyewe liko juu ya mwamba unaotazama bahari. Linahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Katika jumba hilo kuna bwawa la kuogelea lenye pembe nane, limezungukwa na ngazi za mawe, na leo limekauka na kuota majani. Mtoto alilizunguka akihesabu pembe kwa kidole, akalizunguka mara ya pili, akashuka hadi katikati, akatazama juu kwenye ukingo, kisha akatazama chini baharini. Akauliza:

"Baba, hapa maji alikuwa anachota nani?"

Mwongozaji alimjibu kwamba yalichotwa kwa mikono, na watumishi. Hakutosheka. Aliuliza walikuwa wangapi, kama walikuwepo watoto, kama waliochota waliruhusiwa kuoga. Alipoambiwa kwamba hayo hayakuandikwa, alikaa kwenye ngazi, akasema, bila hasira yoyote, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu: "Mimi dumu moja la lita ishirini nalijaza kwa mara tano. Hili lingenichukua mpaka nimalize shule." Nimekaa na watoto wengi kazini, nikatumia vikaragosi, michoro na maswali ya kuzunguka ili mtoto aniambie kinachomlemea. Sikupata kuambiwa kwa ufasaha kama pale, na mtoto mwenyewe hakujua kwamba ananiambia kitu.

Usiku wa pili aliomba simu ampigie mama yake. Nilidhani amemkumbuka. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mapacha wamekunywa uji, la pili nani aliwabeba jioni, la tatu kama maji yalitoka. Alipokata simu aliniuliza kama tunaweza kurudi kesho badala ya keshokutwa, kwa sababu Mama sauti yake imechoka. Hapo nilifanya jambo moja sahihi. Ratiba yangu ya siku ya tatu ilikuwa Songo Mnara asubuhi na Kilwa Kivinje jioni, niliifuta yote. Nilimwambia kwamba hatutarudi mapema na hatutakwenda popote. Alilala hadi saa tatu asubuhi. Alipoamka tulikaa ufukweni Masoko tukila mihogo, akachora kwenye mchanga, akacheza mdako kwa kokoto na mtoto wa muuza samaki ambaye hatukumuuliza jina, na kwa saa kadhaa hakuniuliza habari za nyumbani. Hiyo ndiyo safari. Iliyotangulia ilikuwa matayarisho yake.

Nikikipima kisa kama ambavyo ningekipima cha mtu mwingine, nasema hivi. Kumtenga mtoto mmoja na kusafiri naye kwa ajili ya umri wake kulikuwa na faida hata kwa familia yenye kipato chetu. Gharama zote, pamoja na pilau la Jumapili, hazikufika theluthi mbili za ile karatasi ya ukumbi. Kumshirikisha kuchagua kulifanya kazi. Kwenda na mzazi mmoja kulifanya kazi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu wazazi wawili wakiwa pamoja huongea wao kwa wao, na mtoto husikiliza. Lakini ugunduzi wenyewe ni mchungu zaidi. Mtoto alipewa siku tatu za kupumzika kutoka kwenye mzigo ambao ni sisi tuliomtwika, nasi tukaziita zawadi. Kama tungerudi nyumbani na kumrudisha kwenye madumu yaleyale, safari ingekuwa imemfundisha tu jinsi alivyochoka, jambo ambalo kabla ya hapo hakuwa na kipimo chake.

Kuhusu mke wangu, nilikosea kumwacha na mapacha, mtoto wa miaka sita na mama mzee bila kumtafutia mtu wa kumsaidia kwa siku hizo tatu. Uchovu wa sauti yake ndio uliomrudisha mtoto nyumbani kimawazo kabla ya mwili. Mzazi anayebaki ni sehemu ya safari, na bajeti yetu haikumtengea hata shilingi. Kuhusu mdogo wake wa kiume, alilia siku ya kuondoka, na tulimtuliza kwa ahadi kwamba kila mmoja akifika 10 atakuwa na safari yake. Ahadi hiyo imeshikwa kama hati ya kiwanja. Mke wangu amenikumbusha kwamba mapacha watafika 10 siku moja, na kwamba kila mmoja atataka kwenda mahali ambapo mwenzake hayupo.

Usiku tuliorudi, watoto walipolala, mimi, mke wangu na mama yangu tulikaa na daftari. Tuliandika kila kazi ambayo binti anaifanya kwa wiki, na kwa aibu tuligeuza ukurasa wa pili. Hatukuzifuta zote, wala sidhani kwamba ingefaa; mtoto wa nyumba yetu atafua soksi zake na atajua kupika wali. Tulikubaliana kwamba hambebi pacha baada ya saa kumi na mbili jioni, kwamba hatutamwita tena mama wa pili mbele ya wageni, na kwamba maji ya alfajiri ni kazi yangu.

Mpaka naandika haya ni miezi kadhaa, na mgawo huo haujasimama wima wakati wote. Wiki ya mitihani yake ulikwenda vizuri. Wiki mapacha walipougua ulilegea. Mwezi Septemba nilisafiri kikazi siku nne. Niliporudi nilikuta madumu yote yamejaa, nikauliza nani alijaza. Mama yangu, bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele aliokuwa akiuchambua, alisema siku mbili alijaza mke wangu, siku ya tatu alijaza kijana wa jirani kwa shilingi elfu moja.

"Na ya nne?"

"Ya nne alijaza somo yangu. Ila ameniambia nikuandikie deni."